Eli ya Kahawia ya Mkebe: Jinsi ya Kuionja Nairobi

Eli ya kahawia ni bia ya shayiri inayopata rangi na ladha yake kutokana na kimea kilichokaangwa. Imekaa katikati ya bia mbili ambazo mnywaji wa Nairobi anazijua vizuri. Imekolea kuliko laga ya rangi ya dhahabu, lakini haifiki weusi wala ukali wa stauti. Kileo chake aghalabu ni kati ya asilimia 4 na 6, uchungu wake ni wa wastani, na utamu wake ni ule wa nafaka iliyopita motoni, si wa sukari iliyomiminwa. Ikiwa imepikwa na kiwanda kidogo cha krafti na kujazwa kwenye mkebe wa alumini, inamfikia mnywaji ikiwa bado na harufu yake yote, mradi haijakaa sana dukani.

Baa nyingi za jiji hazina bia hii. Ukipita River Road au Moi Avenue utapata Tusker, White Cap, Pilsner na Guinness, na katika mitaa ya kipato cha chini utapata bia ya pipa. Eli ya kahawia hupatikana zaidi upande wa magharibi, kwenye supamaketi na baa za Westlands, Kilimani, Lavington na Karen, tena si kila siku. Hilo linasikitisha, kwa sababu kati ya bia zote za krafti zilizoletwa au kuigwa kutoka ng'ambo, naiona hii ndiyo inayoafikiana zaidi na Nairobi. Maji ya jiji, mwinuko wake, baridi ya Julai, nyama choma, hata ile desturi ya kuagiza bia isiyotoka kwenye friji, vyote vinaielekea. Makala haya yanaeleza kwa nini, na yanaeleza namna ya kuionja.

Ilikotoka

Zamani kimea cha Uingereza kilikaushwa juu ya moto wa kuni au majani makavu, kwa hiyo karibu bia yote ilikuwa ya kahawia na yenye harufu ya moshi. Makaa yaliyotolewa moshi yalipoanza kutumika, wapishi waliweza kupata kimea cheupe. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipewa hataza ya pipa la kukaangia kimea linalozunguka juu ya moto, na tangu hapo mpishi hakuhitaji tena kuunguza shayiri yote ili apate rangi. Alitumia kimea cheupe kwa wingi, kisha akakolezea kwa kiasi kidogo cha kimea kilichokaangwa sana. Eli ya kahawia ya leo imejengwa juu ya hesabu hiyo.

Ile iliyopata umaarufu kuliko zote ni Newcastle Brown Ale, iliyoingia sokoni mwaka 1927 kaskazini mwa Uingereza, kazi ya mpishi aliyeitwa Jim Porter. Ilikuwa kavu kidogo, yenye ladha ya njugu. Kusini mwa Uingereza walipendelea iliyo tamu na nyepesi zaidi. Miaka ya 1980 Wamarekani waliichukua, wakaiongezea kileo na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Pete's Wicked Ale ya mwaka 1986 ndiyo iliyowafundisha wengi huko kwamba bia ya kahawia inaweza kuwa na uchungu wa kuchangamsha. Mikebe ya krafti inayouzwa Nairobi hufuata njia mojawapo kati ya hizi mbili, na mtu akionja huku akijua ni ipi, hatailaumu bia kwa kosa ambalo si lake. Njia ya Kiingereza inatanguliza mkate na karanga. Njia ya Kimarekani inatanguliza kahawa, chokoleti na hopsi.

Kwa Kenya, eli ilitangulia laga. Ndugu George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding, walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922 kule Ruaraka, na Desemba ya mwaka huo kreti kumi za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley, katikati ya jiji. Bia zao za mwanzo zilikuwa eli na stauti za mtindo wa Kiingereza. George aliuawa na ndovu mwaka 1923, na jina Tusker likatokana na kisa hicho. Lakini laga yenyewe ilikuja miaka kadhaa baadaye, ikaota mizizi, na eli ikafifia. Kwa hiyo anayepika eli Nairobi leo anaendeleza kazi iliyoanzia Ruaraka miaka mia iliyopita na kukatishwa njiani.

Historia hiyo ina upande wake mchungu. Bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika wa Nairobi alizuiwa kisheria kuinywa hadi miaka ya 1940, na badala yake manispaa ilimfungulia kilabu cha pombe ya kienyeji huko Pumwani, ikahodhi biashara hiyo na kukusanya faida. Pombe aliyouziwa huko, pamoja na ile iliyopikwa nyumbani kwa siri, ndiyo iliyofundisha ulimi wa jiji.

Busaa, jamaa wa karibu

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo eli ya kahawia inapoacha kuwa kitu cha kigeni.

Mpishi wa busaa huanza kwa unga wa mahindi. Anaukanda na maji, anaufunika, anauacha siku kadhaa uchachuke. Kisha anawasha moto, anaweka bati au karai pana juu yake, anamwaga ule unga mchachu na kuugeuza kwa mwiko au sepetu mpaka uwe chenga za kahawia zenye kunukia. Hapo ndipo rangi na harufu ya busaa huzaliwa. Chenga zikipoa huchanganywa na maji na kimera, yaani unga wa wimbi uliooteshwa ukakaushwa, na baada ya siku mbili, tatu au nne pombe iko tayari kuchujwa. Hunywewa bila kupozwa. Kwa Waluhya na Waluo, wazee hukaa kuzunguka chungu kimoja na kuvuta kwa mirija mirefu. Kangemi na Kawangware, mitaa ya magharibi mwa jiji ambako Waluhya ni wengi, harufu ya mahindi yakikaangwa kwa busaa si ngeni.

Tazama yanayofanana. Nafaka iliyooteshwa inatoa vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari. Nafaka iliyokaangwa inatoa rangi na harufu. Hamira ya jamii ileile, Saccharomyces cerevisiae, inafanya kazi katika joto la kawaida la nyumba. Tofauti ni mbili kubwa: busaa ina uchachu wa bakteria wa maziwa lala ambao eli haina, na eli ina hopsi ambazo busaa haina. Aliyezoea busaa akipewa eli ya kahawia atatambua mara moja ile harufu ya nafaka iliyokaangwa, hata kama uchungu wa mwisho utamshangaza. Sijui kwa nini wanaoitangaza bia hii Nairobi humweleza mteja habari za biskuti za Kiingereza na kuacha hili lililo mlangoni.

Kilichomo

Viungo ni vinne: maji, kimea, hopsi na hamira.

Kimea kingi ni cheupe. Shayiri ya Kenya hulimwa Narok, Timau, Nakuru na Uasin Gishu, na sehemu kubwa huishia kwenye laga. Kinachoipa eli ya kahawia sura yake ni nyongeza mbili. Ya kwanza ni kimea cha karameli: shayiri iliyooteshwa inapashwa moto ikiwa bado mbichi, wanga wake unageuka sukari ndani ya punje, kisha sukari hiyo inagandishwa kwa moto mkali. Sehemu ya sukari hiyo haiwezi kuliwa na hamira, hivyo inabaki ndani ya bia na kuipa utamu na uzito. Ya pili ni kimea cha chokoleti, ambacho hakina kakao hata chembe. Kimepewa jina kwa rangi yake. Kinakaangwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, na asilimia chache tu zinatosha kutia rangi pipa zima. Mpishi akizidisha, bia inakuwa na ladha ya majivu.

Kinachotokea kwenye kikaango ndicho kinachotokea kwenye nyama juu ya makaa na kwenye ganda la mkate ndani ya tanuri: sukari na asidi za amino zinaungana kwa joto na kuzaa mamia ya harufu mpya. Mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza hali hiyo mwaka 1912. Tutairudia tukifika kwenye chakula.

Hopsi karibu zote hutoka nje. Mmea huo unataka siku ndefu za kiangazi ili utoe maua vizuri, na Nairobi, iliyo karibu na mstari wa ikweta, ina mchana wa takriban saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa eli ya kahawia hili si tatizo kubwa, kwa kuwa inatumia hopsi kidogo. Bia chungu za Kimarekani, zinazotegemea hopsi mbichi zenye kunukia matunda, ndizo zinazoumizwa na safari ndefu ya baharini.

Maji ya jiji hutoka hasa bwawa la Ndakaini, kwenye miteremko ya Aberdare. Ni maji laini, yenye chumvichumvi chache. Kimea cheusi huongeza asidi kwenye mchanganyiko wa kimea na maji moto, na maji laini hayana cha kuipunguza, kwa hiyo mpishi wa stauti hulazimika kuyarekebisha sana. Mpishi wa eli ya kahawia, anayetumia kimea cheusi kwa kijiko, huhitaji marekebisho madogo tu. Anayechota kisimani ana kazi nyingine, maana visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi.

Mwinuko nao una mchango wake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Uchungu wa hopsi hutoka polepole zaidi katika joto hilo. Vilevile kuna gesi fulani yenye salfa, inayonuka mahindi ya kuchemsha, ambayo inapaswa kufukuzwa na mchemko. Mchemko ukiwa hafifu inabaki. Laga za kimea cheupe ndizo zilizo hatarini zaidi. Kimea kilichokaangwa kimeshapoteza sehemu kubwa ya chanzo cha gesi hiyo kwenye kikaango, ndiyo maana eli ya kahawia hupikwa kwa usalama zaidi katika jiji la milimani.

Hamira ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 16 na 22 hivi. Wastani wa joto la Nairobi uko humohumo. Laga inataka pipa lililopozwa hadi nyuzi 10 au chini, kisha majuma ya kutulia kwenye baridi kali zaidi. Kwa kiwanda kidogo hiyo ni stima inayolipiwa kila siku na pipa lililoshikwa bure. Eli inaweza kuwa tayari kwa wiki mbili au tatu. Nusu ya sababu ya viwanda vidogo duniani kuanza na eli ni hiyo, na Nairobi haikuwa tofauti.

Viwanda hivyo si vingi. Kuelekea mwaka 2010 Brew Bistro ilianza kupika bia yake na kuiuza palepale, Piedmont Plaza, barabara ya Ngong. Karibu na mwisho wa muongo uliofuata zikaja 254 Brewing na Bateleur, na wanywaji wa Westlands na Karen wakaanza kuzoea kuuliza bia hii imepikwa na nani.

Kwa nini mkebe

Bia iliuzwa kwenye mkebe mara ya kwanza tarehe 24 Januari 1935, mjini Richmond, Virginia. Kwa miaka mingi mkebe ulidhaniwa kuwa chombo cha bia rahisi, na mikebe ya kwanza kweli ilitia ladha ya bati. Ya leo ni ya alumini iliyopakwa utando wa ndani, na bia haigusi chuma. Viwanda vya krafti vilibadili msimamo baada ya Oskar Blues ya Colorado kuanza kujaza eli yake kwenye mikebe mwaka 2002.

Faida ya kwanza ni giza. Mwanga ukipiga uchungu wa hopsi huzaa harufu mbaya, kama ya manyoya yaliyoungua na kitunguu kilichooza, na inaweza kutokea kwa dakika chache tu za jua kwenye chupa isiyo na rangi. Chupa ya kahawia hupunguza. Mkebe huzuia kabisa. Ya pili ni kwamba hewa haipenyezi kwenye mshono wa mkebe uliofungwa vizuri. Ya tatu ni uzito wakati wa kusafirisha. Na mkebe mtupu una thamani: waokotaji huuza alumini kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Mkebe hauzuii joto, na hapo ndipo bia zinazoagizwa kutoka nje zinapoharibikia. Kontena linakaa bandarini Mombasa, linapandishwa bara, bia inakaa ghalani, kisha inapangwa kwenye rafu isiyo na friji. Kila wiki ya joto inaizeesha. Eli ya kahawia iliyozeeka hupoteza harufu ya mkate kwanza, kisha inanuka katoni iliyolowa, kisha inakuwa tamu na kuchosha. Kimea cheusi huficha dalili hizi kwa muda, na wengine huzidhania kuwa ndiyo ladha yake. Nikipewa kuchagua kati ya mkebe wa jina kubwa uliojazwa Ulaya mwaka uliopita na wa kiwanda kidogo cha hapa uliojazwa mwezi uliopita, nachukua wa hapa bila kusita.

Kuonja

Chukua glasi safi, iliyosuuzwa vizuri, isiyo na mafuta wala sabuni. Usinywe kutoka mkebeni: pua haipati chochote, na pua ndiyo inayoonja zaidi ya nusu.

Tazama tarehe chini ya mkebe. Fungua polepole. Kanieneo ya hewa ya Nairobi iko chini ya ile ya pwani kwa karibu asilimia 18, kwa hiyo mkebe uliojazwa mahali pa chini hutoa gesi kwa nguvu ukifunguliwa hapa. Inamisha glasi, mimina ubavuni mpaka nusu, kisha isimamishe ili povu lipande vidole viwili.

Mbele yangu kuna mkebe wa njia ya Kiingereza, wa asilimia 5, uliopikwa Nairobi. Ndani ya glasi unaonekana wa kahawia iliyoiva. Nikiuinua dirishani wekundu unajitokeza, na kioevu ni angavu, hakina ukungu. Povu ni la rangi ya krimu, lina vitundu vidogo, na linashuka polepole likiacha alama kwenye kioo. Povu linalokufa mara moja lingenitia shaka kwamba glasi ina mafuta au bia ni ya zamani.

Harufu ya kwanza ni ganda la mkate uliotoka tanurini sasa hivi. Nikiizungusha glasi mara mbili inafuata karanga zilizokaangwa, zile zinazouzwa kwenye vijikaratasi katika vituo vya matatu, pamoja na ngozi yake nyekundu inayoachia uchungu kidogo. Nyuma yake kuna sukari nguru, si nyingi. Bia ikipata joto kidogo inajitokeza tende, na kwa mbali ndizi mbivu: hizo zimetoka kwenye hamira, si kwenye kimea. Hopsi zipo, lakini ni za chini, harufu ya majani makavu ya chai.

Mdomoni utamu unaanza mbele ya ulimi, unakaa muda mfupi tu. Katikati ladha inakuwa ya njugu na mkate wa ngano nzima. Kisha inakauka, na kinachobaki ni uchungu wa kukaangwa unaofanana na mwisho wa kikombe cha kahawa nyepesi ya Nyeri, bila ule ukali wa matunda. Uzito wake ni wa wastani. Gesi ni ya chini kuliko ya laga, na inapaswa kuwa hivyo; gesi nyingi huchoma ulimi na kufuta utamu. Baada ya kumeza, subiri. Eli nzuri ya kahawia huacha ladha ya ganda la mkate kwa nusu dakika hivi na kukufanya utake nyingine. Hafifu hutoweka mara moja kama maji, au huacha utamu uliogandamana kwenye meno.

Mkebe wa njia ya Kimarekani ungesomeka tofauti. Rangi ingekaribia weusi, kahawa ingetangulia karanga, na hopsi zingepanda puani na harufu ya ngozi ya chungwa au msonobari. Hauna kosa kwa hilo. Kosa lipo bia inaponuka siagi iliyoyeyushwa, ishara kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Au tofaa bichi, ambayo mara nyingi ni haraka ileile. Au siki, ambayo ni uchafu kwenye vyombo. Uchachu unaopendeza kwenye busaa ni ugonjwa kwenye eli ya kahawia.

Suala la joto linastahili neno lake. Katika baa za Kenya mhudumu akileta bia huuliza, "Baridi ama moto?", na "moto" maana yake ni bia iliyokaa rafuni tu. Wageni hushangaa. Lakini nyumba ya Nairobi mwezi wa Julai huwa na nyuzi 17 au 18, na asubuhi chini ya hapo, hivyo "moto" ya jiji hili haiko mbali sana na eli ya sela za Uingereza, ambayo huuzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13. Friji la baa, lenye nyuzi 4 au 5, hufunga harufu yote ya kimea. Kinachobaki ni ubaridi na uchungu. Rafu ya Januari na Februari nayo huzidisha: kileo kinapanda puani, utamu unalegea. Njia iliyo sawa ni kuutoa mkebe kwenye friji na kuuacha mezani dakika 20 hadi 30 kabla ya kuufungua. Wazee wanaoagiza moto walikuwa wanakaribia ukweli, na bia hii ndiyo inayowapa haki.

Pamoja na chakula

Nyama choma kwanza. Ganda la kahawia juu ya mbavu za mbuzi na ganda la kahawia kwenye punje ya kimea vimetoka kwenye kemia ileile ya Maillard, kwa hiyo ladha moja inaishika nyingine. Laga huosha mdomo tu. Eli hii inazungumza na nyama. Kachumbari yenye ndimu inakata utamu wake vizuri. Pilipili nyingi haifai, kwa kuwa gesi na uchungu huikoleza.

Kilicho bora kuliko nyama choma, kwa maoni yangu, ni mutura, soseji ya damu ya kienyeji. Jioni, Kangemi au Dagoretti Corner, mutura inapogeuzwa juu ya makaa mpaka ngozi ipasuke, ikakatwa vipande juu ya ubao na kunyunyiziwa chumvi, ina mafuta, damu, kitunguu na moshi kwa pamoja. Stauti huizidi nguvu. Laga hupotea. Eli ya kahawia inasimama nayo sawasawa. Githeri ya kukaanga, chapati na ndengu, na uyoga pia huenda nayo vizuri. Samaki wa kukaanga mwenye ndimu mwachie laga.

Bei, ushuru na sheria

Mkebe wa krafti hugharimu zaidi ya laga ya kawaida, na ushuru ni sababu mojawapo. Hadi mwishoni mwa 2024 bia ya kawaida ilitozwa kwa lita, shilingi 142.44, sawa na shilingi 71.22 kwa nusu lita, iwe imepikwa na kampuni kubwa au na watu watano kwenye ghala. Marekebisho ya sheria za ushuru yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yalihamishia hesabu kwenye kileo chenyewe: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya kileo halisi, na shilingi 10 kwa wapishi wadogo wanaojitegemea. Nusu lita ya eli ya asilimia 5 ina sentilita 2.5 za kileo. Kiwanda kikubwa kinalipa shilingi 56.25, kidogo kinalipa 25. Ni nafuu ya kweli, na bia za kileo cha kadiri kama hii ndizo zinazofaidika, kwa sababu kila asilimia inayopunguzwa inashusha kodi.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, inataka mnunuzi awe ametimiza miaka 18 na chombo kiwe na maonyo ya afya. Stempu ya ushuru ya mamlaka ya mapato, KRA, nayo inapaswa kuwepo. Mkebe usio nayo usiununue, hata ukipunguziwa bei.

Kilichobaki kiko mikononi mwa wapishi wetu. Mikebe mingi ina tarehe ya mwisho wa matumizi pekee, imepigwa chini kwa wino hafifu, na mnunuzi hana namna ya kujua bia ina umri gani. Wapishi wa Nairobi wana faida ambayo mwagizaji hana: bia yao inaweza kufika rafuni siku chache baada ya kujazwa. Wachapishe tarehe ya kujazwa ubavuni, kwa herufi zinazosomeka, nasi wanunuzi tuwe na mazoea ya kuisoma kabla ya kulipa. Eli ya kahawia iliyopita miezi minne bila friji irudisheni rafuni.